Makala ya Tabitha Ndani ya Droo Yangu

Siku mliyoniaga pale kitivoni, vijana wangu, mlinipa saa ya ukutani na ombi moja: niandike machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha sheria, yawafae ninyi mnaoanza. Saa nimeitundika sebuleni, hapa Mbinga. Ombi ndilo limenisumbua. Kila nikianza kuandika namna ya kufundisha sheria ya mikataba, kalamu inakwenda yenyewe kwa Tabitha. Basi nimeiacha iende. Vyeo sitavitaja. Nikivitaja vyangu nitalazimika kuvitaja na vyake, na roho yangu haijapona kiasi hicho.

Tuliajiriwa wiki moja. Mimi Mmatengo wa Mpepai, mtoto wa milimani, Mkatoliki. Yeye Mnyasa wa Lundo, kando ya ziwa, Mwanglikana. Mkuu wa kitivo, Mwalimu Lazaro, alitupa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha moja. Tabitha alifika nusu saa kabla yangu, akachukua meza ya dirishani. Nusu saa tu! Mtu mwingine angesahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikaa miaka sita nikitazama kabati la mafaili, huku mwenzangu akitazama bustani, na kila aliposema "leo kuna ndege wazuri" nilitamani kumtupia rula.

Somo langu la kwanza nililiandaa kurasa kumi na nne. Kwa woga nilizimaliza kwa dakika ishirini na mbili, na kipindi kilikuwa cha saa nzima. Nikauliza kama kuna swali, wakainamia madaftari. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma upya, na wale watoto wa watu, jamani, wakaandika tena. Chumba cha jirani nilisikia wanafunzi wa Tabitha wakibishana na kucheka. Baadaye nikamuuliza amewafanya nini.

"Nimewapa mtu aliyeuza mtumbwi mmoja kwa watu wawili," akasema. "Halafu nikakaa chini, nikawaacha waumane."

"Hiyo si kufundisha," nikamwambia.

Wiki iliyofuata niliwapa wa kwangu mtu aliyeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Lilikuwa somo zuri sana. Sikumwambia.

Hamwezi kujua tulifanyia kazi vitu gani. Maktaba ilikuwa na vitabu vya hukumu ambavyo kurasa muhimu zilikuwa zimenyofolewa na wanafunzi waliotutangulia, baadhi yao leo ni mawakili wanaoheshimika. Mashine ya kurudufu ilimwaga wino kwenye mashati yetu yote mazuri. Ukipata hukumu kamili uliinakili kwa mkono kwenye kadi ngumu, ukaitunza kama cheti cha ubatizo. Ninyi mnazo zote kwenye simu, na bado mnasoma muhtasari wa juu peke yake. Someni hukumu yenyewe, hadi sahihi ya jaji. Na mkisahihisha mitihani, sahihisheni swali la kwanza la wote, kisha la pili la wote, na msisahihishe mkiwa na njaa. Nimewahi kumfelisha mtu kwa sababu ya njaa, nikamrudishia maksi baada ya ugali.

Mengi ya hayo alitufundisha Mwalimu Lazaro. Alisahihisha maandishi yetu kwa wino wa kijani, na kila ulipoandika "kwa mujibu wa mila", aliandika pembeni maneno mawili: Nani kasema? Hakuwa mtu wa kusifu. Mara moja tu nilisikia amesema makala fulani "imeandikwa na mtu mwenye masikio". Haikuwa ya kwangu. Mnajua ilikuwa ya nani.

Nami nilitaka siku moja aseme hivyo juu yangu. Nikaamua kuandika juu ya ardhi ya kwetu. Milima ya Umatengo imegawanyika kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima wenye kijito huku na kijito kule, na kila ntambo ni ya ukoo wake. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikaenda Mpepai, nikakaa na wazee kwenye sengu, ule mkutano wa wanaume wa ukoo ambamo mambo huamuliwa huku watu wakila. Mama yangu, ambaye alikuwa mjane tangu mimi nikiwa na miaka tisa, alipika kila siku, akaleta vyungu, akaondoka. Wazee walinijibu kila nilichouliza. Nilipouliza habari za mjane wakasema, "Mjane analima kwa ruhusa ya mkuu wa ukoo. Akinyimwa, amenyimwa." Nikaandika. Kwenye rasimu, Mwalimu Lazaro akaweka wino wake wa kijani: Nani kasema? Nikaorodhesha majina ya wazee kumi na mmoja, wote wanaume, na nikajiona nimemkomesha.

Makala ile ilipata jina. Nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo: kwa miaka mingi, yeyote aliyeandika juu ya ardhi ya Wamatengo alinitaja mimi. Tabitha aliandika juu ya wavuvi, juu ya mitumbwi, juu ya mirathi ya nyavu, akaalikwa huku na huko, akapendwa na wanafunzi hadi wengine wakawapa binti zao jina lake. Lakini milima ilikuwa yangu. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hana, na kwa hicho niliweza kunywa naye chai.

Halafu, zikiwa zimebaki kama miaka mitano nistaafu, akaja mezani kwangu.

"Kaka Kasian, nataka kwenda kwenu Mpepai nikae msimu mzima wa kulima. Mama anaweza kunipokea?"

"Unatafuta nini kule? Nilishaandika."

"Nataka tu kuona ngolo zinavyochimbwa. Sisi wa ziwani hatuna vilima vya kuchezea."

Nikacheka. Ngolo ni yale mashimo ya kwetu kwenye miteremko: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, kisha wanawake wanachimba katikati na kufukia nyasi kwa udongo, na mvua ikija maji yanakaa mashimoni badala ya kubeba shamba. Nikamwona Tabitha na jembe kwenye mteremko ule, nikasema moyoni, nenda, utarudi na malengelenge. Nikampigia Mama simu mwenyewe. Nilimpa kwa mkono wangu ufunguo wa nyumba yetu.

Alikaa huko miezi minne. Aliporudi, Mama alinipigia kila Jumapili kuuliza, "Tabitha hajambo?" Mimi aliniuliza kama nimelipa bima ya gari.

Mwaka uliofuata jarida moja la sheria likaniletea makala niihakiki. Kama mjuavyo, mwandishi hatajwi na mhakiki hatajwi. Ukurasa wa tatu nilikwisha kujua. Makala ilisema kwamba mume akifa, msimu unaofuata wanawake wa ukoo wanakwenda kuchimba ngolo pamoja, na mjane ndiye anayechimba shimo la kwanza. Shamba atakalochagua kuanzia, hilo ni lake mpaka afe. Shemeji hagusi, mkuu wa ukoo hagusi. Wanawake wote wa Mpepai waliijua kanuni hiyo. Hawakuwahi kuisema kwenye sengu kwa sababu hawakai kwenye sengu, na wanaume hawakuitaja kwa sababu kwao ilikuwa kazi za akina mama, haikuwa sheria. Na mfano wa kwanza ulikuwa wa mjane mmoja, sasa mzee, ambaye mwanawe wa miaka tisa alisimama pembeni siku hiyo, ameshika kibuyu cha maji.

Kibuyu kile nilikishika mimi. Nilikuwepo. Nilisimama pale juani, nikaona mama yangu akipiga jembe la kwanza huku wanawake wote wamenyamaza, nikadhani wanasubiri maji.

Krismasi ile nilimuuliza. "Mama, mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba," akasema, akiwa anapepeta maharage. "Ulikuja ukaniambia niwapikie wazee."

Nitasema wazi, maana nimekwisha kuwa mtu mzima wa kusema wazi: sikuona aibu siku hiyo. Niliona wivu mweusi. Alikuwa amechukua milima yangu, na mama yangu, na kibuyu changu. Kanuni yetu inasema mhakiki akimtambua mwandishi airudishe makala. Mimi niliitia kwenye droo ya chini, chini ya ratiba za zamani, nikafunga kwa ufunguo. Mhariri alipoulizia, nikamwandikia kwamba kwa heshima zote, kazi ina mapungufu makubwa ya mbinu, mtafiti si mwenyeji wa eneo, nahitaji muda. Nikaongeza kwa heshima zote nyingine. Nilikuwa nimejaa heshima.

Mwezi wa nne makala ikiwa drooni, kulikuwa na shauri huko kwetu. Gaudensia, mjane wa Mpepai, mwanamke wa makamo mwenye shamba la mikahawa, alinyang'anywa na shemeji yake Kosmas. Baraza lililosikiliza likampa Kosmas ushindi. Msinikumbushe sheria ya ardhi ya vijiji na haki sawa za wanawake. Nimeifundisha mara nyingi kuliko mlivyokula. Hakuna aliyesema mwanamke hawezi kumiliki. Swali lilikuwa shamba lile ni la nani, na kwa kigezo gani. Kigezo kilikuwa makala yangu. Walininukuu neno kwa neno: akinyimwa, amenyimwa.

Na mnajua nilifanya nini niliposikia? Nilitoa nakala ya ukurasa ule wa hukumu, nikaubandika ukutani. Nimetajwa!

Gaudensia akakata rufaa, na waliombebea rufaa walikuwa wanafunzi wetu wa kituo cha msaada wa sheria, wakisimamiwa na Tabitha. Waliomba kwanza amri ya zuio, Kosmas asiguse shamba hadi rufaa isikilizwe. Wakakataliwa. Sababu: utafiti uliopo unamuunga mkono Kosmas, na hakuna uliochapishwa unaoupinga.

Siku ile chumba cha chai Tabitha alikuwa anakoroga kikombe ambacho sukari ilishayeyuka zamani.

"Makala yangu ingekuwa imetoka, tungepata zuio," akasema. "Kuna mtu ameikalia."

"Wahakiki wa siku hizi wavivu," nikasema, nikajitia hamnazo, nikachukua mandazi.

"Si mvivu huyu," akasema. Hakuniangalia.

Nilirudi ofisini. Ufunguo ulikuwa mfukoni, droo ilikuwa mguuni pangu. Ningeweza kuifungua alasiri ile, nikaandika mistari mitatu, mhariri akatoa barua ya kwamba makala imekubaliwa, na barua hiyo ingetosha mahakamani. Nilijua hivyo vizuri kabisa. Ni mimi niliyekuwa nawafundisha watu sheria ya ushahidi. Nikasahihisha mitihani hadi saa kumi na moja, nikaenda nyumbani.

Mwezi wa nane wa droo ile nilikwenda Mpepai kumwona Mama. Njia inapita chini ya shamba la Gaudensia. Kosmas alikuwa amekata mikahawa yote, mti kwa mti, ili apande mahindi, watu wajue shamba ni la nani. Mteremko mzima ulikuwa visiki vyeupe. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole, mama."

"Asante. Mume wangu aliipanda mwaka tuliooana," akasema. Kisha akaniuliza Mama anaendeleaje na miguu.

Mngependa niseme nilikwenda mbio nikafungua droo. Thubutu. Nilichukua miezi mitatu mingine, nikijiambia kwamba sasa imeshakatwa, haraka ya nini. Kilichonitoa si huruma, ni hofu: Mwalimu Lazaro alifariki, na pale msibani, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, mtu akaniomba nisimulie kumbukumbu moja ya marehemu. Nikafungua mdomo niseme habari za wino wa kijani. Nikaona ananiuliza mimi, Nani kasema?, nikainamisha kichwa. Watu wakadhani ni majonzi, wakanishika mabega.

Jumatatu yake nikaiandikia makala ile uhakiki wa kurasa mbili, nikasema ichapishwe ilivyo, ni kazi bora niliyowahi kusoma juu ya ardhi ya kwetu. Kila neno la sifa lilinitoka kama jino. Kisha nikamtafuta wakili wa kituo aliyemtetea Gaudensia, nikala kiapo kwa maandishi kwamba katika makala yangu nilikosea, kwamba niliwahoji wanaume peke yao, na kwamba mimi mwenyewe nikiwa mtoto niliona mjane akichimba shimo la kwanza. Kwa hati hiyo nilibomoa kitu pekee nilichojenga. Juu ya droo sikuapa chochote. Hakuna aliyeniuliza, nami nilijifanya nimejifunza kwa Mama: usipoulizwa, nyamaza.

Rufaa ikashinda. Gaudensia akarudishiwa ardhi na visiki vyake.

Baada ya kustaafu na kuhamia hapa mjini Mbinga, asubuhi moja akabisha hodi. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea kanisani na amekumbatia jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa ukambaa wa mgomba.

"Huyu ni wako, Mwalimu," akasema mbele ya mke wangu. "Bila kiapo chako ningekuwa nalima kwa watu. Mungu akuzidishie."

Miaka yote nilikuwa nimewaona watu wakimletea Tabitha vitu: ndizi, samaki, barua, watoto wa kubariki. Mimi hakuna aliyewahi kuniletea hata yai. Nikampokea yule jogoo kwa mikono miwili. Nikasema, "Ni wajibu wetu, mama." Tukamla Jumapili, na alikuwa mtamu, nami nilisimulia mezani jinsi nilivyomwokoa yule mjane.

Lakini usingizi ukaanza kunikwepa. Nikapanda gari hadi Lundo. Tabitha alistaafu kabla yangu; nilimkuta uani anageuza dagaa kwenye chanja, ameota mvi zote na zimempendeza, bila shaka. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama.

"Nilijua wiki ile ile," akasema. "Mhariri alinitumia maoni yako ya kwanza. Kwa heshima zote, kwa heshima zote. Ni nani mwingine anatukana hivyo?"

"Mbona hukunishtaki?"

"Wangempa nani makala? Mtu wa mjini ambaye hajawahi kuona ngolo. Nilitaka aisome mtu ambaye hawezi kuikataa bila kujua kwamba anadanganya." Akageuza safu nyingine. "Nilidhani utachukua miezi miwili. Nilikuhesabia vibaya, kaka."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza kwa mkono wenye magamba.

"Mimi niliibiwa muda, na muda nilikuwa nao. Sikukatiwa mti wowote. Unajua nyumba ya kwenda."

Njia nzima ya kurudi, badala ya kujutia, nilikuwa namwonea gere: hata kudhulumiwa anakujua kuliko mimi.

Nikaandika haya mnayosoma, hadi hapo. Na kabla ya kuwaletea ninyi, nikayachukua Mpepai. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nikamwomba nimsomee kitu. Nilisoma habari za dirisha, akatabasamu. Nilisoma habari za ng'ombe, akacheka kabisa. Nilipofika kwenye droo mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Kabla hawajakata."

"Kabla."

Akachukua hindi jipya, akalipukuchua lote, punje hata moja haikubaki. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mwalimu," akasema, "naomba jogoo wangu."

Nikamwambia tulimla. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka, akaendelea na mahindi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni Mbinga, nikanunua jogoo mkubwa kuliko wote waliokuwepo, mwekundu, nikapanda naye bodaboda hadi Mpepai nimemkumbatia kifuani. Gaudensia akamshika miguu, akamgeuza, akamtazama upanga wa kichwani, akamtazama macho.

"Huyu si wangu," akasema, akanirudishia.

Nikarudi naye. Yuko hapa uani ninapoandika mistari hii ya mwisho, anaparua chini ya dirisha. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili tutamchinja lini.